Sindano ya Kinyozi

Wateja walimwita Redio, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake cha kunyolea ulitoka na habari za mtaa mzima, moto moto. Nani kahama, nani kaposa, nani hasemezani na mkwewe. Habari yake mwenyewe tu ndiyo aliyoikalia kimya. Kila akienda haja aliona damu mbichi, na roho ikamruka. Akajidanganya kwamba ni pilipili, akaacha pilipili. Damu haikuacha.

Aliyemfumania ni mkewe, alipokuta doa kwenye suruali akifua. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Baba watoto, unanificha ugonjwa ili iweje?"

Redio akababaika kidogo, kisha akamwaga yote. Alikuwa akiogopa kansa. Baba yake mdogo alikufa nayo.

Kesho yake mkewe akafuatana naye hospitali. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimchunguza kwa makini akamwambia hakuona kansa, ni bawasiri ya ndani: mishipa imevimba, na atachomwa sindano ya kuifanya isinyae. Redio alipoelewa sindano inaingia wapi, jasho likamtoka. Daktari akamtuliza kwamba kule ndani hakuumi kama ngozi ya nje. Na kweli, alihisi uzito tu, kama mtu aliyebanwa na haja, na kazi ikaisha kabla hajamaliza kumsimulia nesi kisa cha jirani yake.

"Ndiyo nimepona kabisa?" aliuliza akifunga mkanda.

"Wengi damu hukoma," daktari alisema. "Lakini inaweza kurudi. Ikirudi, na wewe urudi."

Ilikoma siku chache baadaye. Redio akala mboga, akanywa maji, akaacha kukaa chooni na simu kama yuko sebuleni. Miezi ikapita. Halafu akafunga choo, na damu ikachungulia tena. Safari hii alimwambia mkewe palepale. Wakarudi, akachomwa ya pili. Tangu hapo, shwari.

Sasa anawasimulia wateja bila haya, mashine mkononi, nao wanacheka hadi machozi. Juzi mwalimu mmoja alicheka kuliko wote, kisha akabaki nyuma wenzake walipotoka. Akauliza kwa sauti ya chini kama sindano yenyewe inauma sana.

Redio akazima mashine, akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Twende wote kesho," alisema. "Nitakungoja nje."