Pipa la Baba Mdogo na Upepo wa Agosti

Baba mdogo wangu hakubali mpaka leo kwamba pipa lake liliwahi kukwama. "Lilipumzika," husema. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyenilea, tena akanisukuma nikamalize kidato cha nne kwenye masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu za kuchana, huwa namkubalia kwa mdomo. Hapa nitasimulia ilivyokuwa.

Sisi na kina mke wangu tumetenganishwa na korongo, wote tukiwa Tunduma hii hii. Ukilizunguka kwa barabara unakutana na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, foleni ambayo nina hakika kuna madereva waliozeekea humo. Ukilikata kwa miguu, unashuka kwa makalio na kupanda kwa magoti. Baba mdogo, fundi wa malori, alichoshwa na yote mawili. Akachukua waya mnene wa chuma, ule wa kuvutia magari yaliyokwama, akaufunga kwenye nguzo huku na kule, akaning'iniza nusu ya pipa kwa puli mbili, na kamba ya kuvutia kila upande. Matofali yakavuka. Mahindi yakavuka. Mbuzi mmoja mkorofi alivuka, akashuka na adabu ambayo hakuzaliwa nayo. Mtaa mzima ukaliita ndege.

Shaka ilikuwa moja tu: upepo. Agosti kwetu asubuhi hutulia kama kanisa kabla ya ibada, lakini mchana ukiingia, upepo unakuja na vumbi la Zambia nzima. Baba mdogo alikuwa na kipimo chake, shuka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Likining'inia, vusha. Likipunga, vusha kwa adabu. Likilala bapa hewani, funga pipa ukanywe chai. Kwa kipimo hicho hakuna tofali lililowahi kudondoka, na mzee akaanza kutembea kama mwenye shirika la ndege.

Basi ikafika siku yangu. Kwa mama yake, mchumba wangu ni Mbemba, na wenzetu hao wana chilanga mulilo, yaani kuonyesha moto. Wanawake wa upande wa binti humpikia mchumba wa kiume na kumpelekea kwake, na kuanzia hapo ndipo anaruhusiwa kula cha ukweni. Chakula sharti kifike cha moto, la sivyo wamekuonyesha majivu. Na mchumba sharti akae mkekani kimya, asimsemeshe mkwe yeyote hadi aonje. Msafara uliongozwa na shangazi wa binti, mama mmoja mpana, mwenye neno la mwisho katika ukoo ule. Alikuwa bado hajanikubali. Aliwahi kusema mbele za watu, "Anayesoma usiku atalala mchana. Mwanangu atakula nini?"

Magoti ya shangazi hayakutaka korongo, na barabara ingepoza sufuria. Baba mdogo akamfuata mwenyewe. "Dada, panda ndege. Chakula kitafika kinatoa moshi."

"Upepo je?"

"Shuka linapunga tu, dada. Hilo si upepo, hiyo ni salamu."

Akakubali. Ila wanawake wakasema chakula cha heshima hakipandi pipa lenye kutu, wakalivika vitenge kuanzia mdomoni hadi chini, marinda kwa marinda, likapendeza kuliko bibi harusi. Baba mdogo akalisifu. Wote hao, na fundi wao, hakuna aliyefikiri kwamba wametundika tanga.

Mimi niko mkekani, kimya kama gunia. Nikasikia vigelegele, kisha vigelegele vikakatika. Kisha sauti ya shangazi, kutoka hewani: "Mayo, mama yangu we! Wewe fundi! Mbona nasimama?"

Nikachungulia dirishani. Pipa limefika katikati, upepo umelivimbisha marinda, linapepesuka huku na huku kama mlevi anayetafuta mlango. Kamba imekazika, vijana wanavuta, haliji. Chini yake kuna shimo la kumeza ghorofa tatu. (Mke wangu anasoma begani kwangu, anasema ni la kumeza ng'ombe mmoja. Sawa, lakini ng'ombe aliyesimama wima.)

"Tulia, dada! Tunasubiri upepo upite!"

"Utapita lini? Ugali unapoa! Nitamwonyesha huyu mtoto majivu?"

 Mama huyu hakuwa ananipenda, yuko juu ya korongo, na anacholilia si roho yake, ni ugali wangu. Nikaangalia yale marinda yaliyofura. Nikaangalia mkeka. Nikatoka mbio bila viatu.

"Mama! Vua pipa nguo! Fungua vitenge, funikia sufuria!"

 Wajomba zangu walishika vichwa. Mchumba amemsemesha mkwe, tena kwa kupiga kelele, tena hajaonja hata chumvi. Ng'ambo ya korongo nilimwona mama mkwe akijifunika uso kwa khanga.

Shangazi alinitazama kutoka kule juu. Kisha akaanza kuvuta vitenge, kimoja kimoja, akizungushia sufuria kama anavyofungwa mtoto mwenye homa, na vya mwisho akavikumbatia. Pipa likabaki chuma kitupu. Likatulia. Baba mdogo akapaza sauti, "Vuta!" na puli zikalia hadi kwetu.

Shangazi alishuka amejaa vumbi mpaka kope. Akaingia ndani, nami nimekwisha kujirusha mkekani, najifanya sikuwahi kuondoka.

"Nani alikuwa ananipigia kelele?"

 Miguu yangu ilikuwa na vumbi jekundu kama yake.

Akafungua vitenge, akafunua sufuria ya ugali.  Kisha ukapanda moshi mwembamba, mwembamba kama uzi, lakini moshi. Nyumba ililipuka kwa vigelegele, na mimi naapa vilisikika hadi Msangano huko mbali.

"Mkwe hasemi kabla hajala," akasema shangazi, akimega tonge na paja la kuku. "Na huyu ameshasema. Basi fungua mdomo upesi, kelele zako ziwe halali."

Nikafungua. Ulikuwa vuguvugu tu, nisiwadanganye. Niliumeza huku napuliza kinywani kama aliyeungua ulimi, na shangazi akacheka hadi akakaa chini. Kisha akamgeukia baba mdogo.

"Nyumbani nitarudi kwa magoti yangu."

"Ndege yangu haijawahi kushindwa, dada."

"Haijashindwa. Imevuliwa nguo mbele ya ukoo."