Maksai Aliyemtazama Mtoto

Tangu afiwe na mumewe, Mama Ermellina alilima mwenyewe lile shamba lake la bondeni Chiana. Maksai wake mweupe, Bigio, alimfuata mpaka mlango wa kanisa. Mtu mwingine akishika kamba, haendi. Mama alimtukana mchana kutwa kwa sauti ya kubembeleza, na Bigio akavuta jembe masikio yamelegea, ameridhika.

Mwaka ule Bigio alikuwa amezeeka. Nanni mchinjaji alishampapasa mbavu, akingoja kumchinja sikukuu ya Mtakatifu Martino. Ndipo fundi Lattanzio akaitwa kuchora Kuzaliwa kwa Bwana juu ya altare yetu, na Padri Ubaldo akatangaza kwamba maksai atakayechorwa atakula majani ya kanisa mpaka afe kwa uzee.

"Lakini lazima amtazame Mtoto," padri alisema zizini kwa Mama Ermellina. "Nabii Isaya alitabiri kuwa ng'ombe humjua mwenyewe, anayemmiliki. Isaya atachorwa pale juu, ananyoosha kidole. Ng'ombe akitazama kando, tumemfanya nabii mwongo."

Fundi akalaza mwanasesere wa mti horini. Bigio akamtazama Mama Ermellina.

"Hebu sogea huku, mama," fundi akasema. Akasogea. Kichwa cha Bigio kikasogea naye.

"Basi toka nje." Akatoka. Bigio akampa Mtoto makalio, akalia mlangoni.

Sisi tuliojazana ukutani tulicheka. Mama hakucheka. Wakampaka mwanasesere chumvi. Bigio akamlamba pua mpaka rangi ikabanduka, kisha akarudi mlangoni.

"Msijisumbue," Nanni akasema. "Kwangu haulizwi atazame wapi."

"Nyamaza wewe, uso kama figo." Mama Ermellina akaingia, akamtoa mwanasesere, akapanda horini na kujilaza kwenye majani, magoti kifuani, maana hori lilikuwa fupi.

Bigio akainamisha shingo. Akampumulia usoni, akamtazama, akatulia.

"Mama, ndiyo nini hii?" padri akauliza.

"Si umesema humjua mwenyewe? Mwenyewe ni mimi."

 Padri akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka akafuta machozi. "Chora, fundi. Isaya alisema kweli."

"Nachora. Mama, usikohoe."

"Majani yananichoma pasiposemeka. Fanya upesi."

Siku picha ilipofunuliwa, Mtoto alikuwa horini, mnono, anang'aa. Padri akahubiri jinsi ng'ombe alivyomtambua mwenyewe kabla ya wafalme na wasomi. Watu wazima walilia kwa jinsi macho yale yalivyompenda Mtoto.

"Mnaona anavyonitazama," Mama Ermellina akatunong'oneza, kwa sauti iliyofika altareni. Padri akaendelea kuhubiri, midomo ikimchezacheza.

Siku hizi Bigio analala kivulini, anatafuna majani ya kanisa. Nanni akipita humvulia kofia.

"Shikamoo, mheshimiwa," humwambia. Bigio wala hageuki. Mama Ermellina yuko upande wa pili, anamtukana.