Shangazi na Mshairi Asiyejua Kusoma

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi miaka zaidi ya thelathini, na muda wote huo alikuwa akitunga mashairi kwenye kurasa tupu za madaftari yaliyoachwa na wanafunzi. Darasani walimpachika jina la Mama Mizani, maana alihesabu silabi za kila mstari kwa kugonga meza kwa kidole, hata akiwa anaongea na mwalimu mkuu. Alitoa diwani mbili. Ya kwanza haikununulika. Ya pili iliingia mashuleni, akavimba kichwa wiki nzima, kisha akarudi kusahihisha.

Alipostaafu hakukaa kitako. Aliomba chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa, akabandika karatasi mlangoni: Jumamosi saa nne, tunatunga, njoo ulivyo. Wakaja wauguzi wawili, mshonaji, dereva wa lori, na fundi viatu wa pale nje. Fundi alikaa karibu na mlango wiki tatu bila kufungua mdomo. Wiki ya nne akasema, "Mwalimu, na mimi ninalo langu, ila liko kichwani. Mimi na kalamu hatujuani."

"Litoe hivyo hivyo, fundi. Nitaandika mimi."

Akaanza: "Nashona viatu vyenu, mwendako mimi sijui."

Kidole cha shangazi kikagonga meza: nane, nane. Zikatoka beti saba, vina havikuyumba popote. Baadaye aliniambia kwamba alimwonea wivu, na wivu wenyewe ulimfurahisha.

Mwisho wa mwaka wakakusanya kazi zao ziwe kitabu. Afisa utamaduni, aliyekuwa agharamie uchapaji, alipitia mswada akakata jina la fundi kwa penseli.

"Mwalimu, huyu hajui kusoma. Watu watasema umemtungia wewe."

"Basi muite," shangazi akasema. "Mpe neno lolote, papo hapo."

Fundi akaja ofisini kwa afisa na nyundo yake mkononi. Afisa akaangaza macho chumbani, akasema, "Kiti." Fundi akajikuna shingo, kisha akatoa ubeti kuhusu kiti kinachobeba wakubwa, nao wakiondoka hawaagi. Makarani wakaangua kicheko. Afisa naye akacheka, huku amekikalia, akachukua ufutio.

Kitabu kilitoka, shairi la fundi likiwa ukurasa wa tano. Jumatatu iliyofuata fundi alimwendea shangazi nacho kwapani.

"Nionyeshe liko wapi."

Akamwonyesha.

"Sasa nionyeshe neno viatu ni lipi."

Hivyo ndivyo alivyoanza kusoma, akiwa na miaka hamsini na sita.

Siku hizi shangazi anaandika diwani ya tatu. Nilimuuliza kama kile kikundi hakimli muda wake.

"Nani kakudanganya?" akasema. "Zamani mashairi yangu yalikuwa yanajiongelesha yenyewe. Haya yana watu wa kujibizana nao."

Kisha akaniondoa mezani, ana kazi.