Mama Hodi, mpiga chapa anayebisha kila mlango wa kitabu

Saa mbili asubuhi, mlango wa steshenari ukiwa umefunguliwa nusu, mwanamke mmoja amesimama ameinamia kompyuta ambayo si yake tena. Anagusa jina la wimbo kwenye ukurasa wa yaliyomo.

"Hodi," anasema.

Kurasa zinaruka, wimbo unafunguka.

"Karibu," anajijibu mwenyewe kwa sauti ya mwenye nyumba.

Anarudi kwenye yaliyomo, anagusa wimbo wa pili. "Hodi." Mteja aliyekuja kununua bahasha anamtazama, anaitazama kompyuta, kisha anasogea mlangoni asije akaambukizwa.

Mtaa mzima unamwita Mama Hodi. Kazi yake ni kuchapa na kupanga nyaraka za watu, na hakuna hata moja iliyowahi kutoka mikononi mwake kabla hajabisha kila mlango.

"Yaliyomo ni ahadi," anasema. "Umemwambia mtu wimbo uko pale. Akigusa, apelekwe. Asipopelekwa umemdanganya, tena kwa maandishi."

Shida huanza faili linapogeuzwa kuwa PDF ili watu walisome kwenye simu. Kuna njia mbili. Ukilihifadhi kama PDF, viungo vinavyomrusha msomaji kutoka yaliyomo hadi kwenye wimbo vinasafiri nalo. Ukipitia amri ya kuprinti, kompyuta inadhani unataka karatasi, na kwa kuwa karatasi haijawahi kuguswa ikaruka, inavitupa viungo vyote.

"Kwa macho ni mapacha," anaeleza Mama Hodi. "Ila mmoja tu ndiye anayepumua."

Pacha asiyepumua ndiye aliyemponza.

Mwaka jana aliandaa kitabu cha nyimbo cha kwaya. Siku ya kukikabidhi alikuwa ametoka kufuata wino, na aliporudi alikuta faili limeshatumwa kwa kwaya. Jumamosi yake kulikuwa na harusi.

"Nilibonyeza wimbo wa kumpokea bibi harusi," anakumbuka mwalimu wa kwaya, mtu mpole mwenye vidole vinene. "Kimya. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kama mtu anayeua mbu."

Bibi harusi alikuwa ameshafika mlangoni. Mwalimu akaanza kusukuma kurasa kwa kidole gumba, zikakimbia, zikasimama zilipotaka zenyewe. Kwa kiwewe akaanzisha kilichokuwa mbele ya macho yake. Kwaya, yenye nidhamu kuliko jeshi lolote, ikamfuata.

Ulikuwa wimbo wa kushusha jeneza. Uliimbwa kwa sauti nne, bila kasoro. Nyanya wa bibi harusi aliketi chini, akavua viatu, akaanza kulia kwa utaratibu.

Lawama zilijua njia ya kufika steshenari. Bosi alimtoa Mama Hodi kwenye kompyuta na kumweka kwenye fotokopi, kazi ya kusimama kutwa. Pato lake lilishuka hadi nusu. Mumewe, fundi wa kuchomelea, alimtengenezea kigoda, lakini bosi akakikataa kwa hoja kwamba kinaziba njia ya wateja. Leo kigoda hicho kiko nyumbani kwao, kimekaliwa na ndoo ya maji.

"Miguu ikifika jioni inakuwa ya mtu mwingine," anasema. "Na huyo mtu simpendi."

Sasa mdogo wa bibi harusi yule anaolewa Jumamosi hii. Kwaya ni ileile, nyanya ni yuleyule. Bosi ametoa hukumu: Mama Hodi atengeneze kitabu kipya. Kikifanya kazi, anarudi kwenye kiti chake. Kisipofanya, atabaki kwenye fotokopi hadi mmoja wao achakae, yeye au mashine.

Mwalimu wa kwaya anaingia kuchukua faili. Nyuma yake, kwa mwendo wa hakimu, anaingia nyanya.

"Shikamoo bibi," anasema Mama Hodi.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenizika?"

"Mbona bibi uko hapa?"

"Nimefufuka kwa hasira."

Mwalimu anakohoa. Anaomba wimbo mmoja uongezwe, mdogo tu. Mama Hodi anauingiza, kisha anaamuru yaliyomo yajipange upya. "Ukiongeza nyumba moja katikati, namba za zote zinazofuata zinasogea," anamweleza. Foleni ya wateja inazidi kurefuka. Bosi anapenya hadi kwenye kompyuta.

"Lete nikumalizie. Si unaprinti tu inatoka PDF?"

Mkono wake umeshafika kwenye kipanya. Mama Hodi anaudaka.

"Bosi. Hii ndiyo njia uliyopita mwaka jana?"

"Kwani kuna nyingine?"

Duka zima linageuka. Hata fotokopi inasimama, ingawa hiyo ni kwa sababu karatasi imekwama.

"Kumbe ni wewe!" anasema mwalimu.

"Mimi nilijua PDF ni PDF," anajitetea bosi, kisha anamgeukia Mama Hodi. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia faili limepita njia ya karatasi. Ukasema mfanyakazi hodari hatafuti visingizio."

Bosi anauondoa mkono kwenye kipanya.

Mama Hodi analihifadhi faili kwa njia iliyo hai na kulituma kwenye simu ya mwalimu. Kabla mwalimu hajaligusa, nyanya ameshaipokonya simu. Ananyoosha kidole juu ya wimbo wa kumpokea bibi harusi. Mama Hodi ameishika meza kwa mikono miwili.

"Hodi," anasema nyanya.

Wimbo unafunguka.

"Karibu!" linaitikia duka zima, pamoja na yule wa bahasha.

Nyanya haridhiki. Anabisha milango yote, mmoja baada ya mwingine, na foleni inamsubiri kwa adabu. Anafika kwenye wimbo wa jeneza. Nao unafunguka. 

"Huu nao unafanya kazi," anasema. "Vizuri. Lakini usiwe na haraka." Kisha anamgeukia mpiga chapa. "Jumamosi uje, mwanangu. Ukae karibu yangu. Nikilia, ujue ni furaha."

Bosi anaondoa marundo ya karatasi aliyokuwa ameyapanga juu ya kiti kwa mwaka mzima, anakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, anakisogeza. Mama Hodi anaketi polepole. Anainyoosha miguu chini ya meza na kufumba macho kidogo.

Mpango wake wa baadaye ni kuwa na kompyuta yake na chumba chake, na kila mfanyakazi akae. Ule wa karibu ni kukitoa kigoda chini ya ndoo. Maana mpaka apatikane mtu mwingine, fotokopi itasimamiwa na bosi mwenyewe.

"Nitampa kigoda, si mtu mbaya," anasema Mama Hodi, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Lakini aje nyumbani akichukue mwenyewe. Na akifika mlangoni, abishe hodi."