Kitambaa cha Kuharibu

Saa saba mchana, vyerehani vinanyamaza kimoja baada ya kingine katika chumba cha mafundi nyuma ya soko. Watu wanafunua vyombo vya chakula. Mama Pindo hafunui. Anatoa pini mdomoni, anapangusa nyuzi kwenye sketi, anatoka na tepu ikining'inia shingoni.

"Huyo anakwenda kutembeza bakuli," anasema fundi wa cherehani cha jirani. "Mama Pindo, ukipata, utuombee na chumvi. Ya kwetu imeisha!"

Chumba kizima kinacheka. Naye anacheka, lakini harudi.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo lake halifumuki. Siku nzuri humaliza magauni mawili. Siku mbaya huambulia kubadilisha zipu na kupunguza suruali, na kwa kazi hiyo analea watoto watatu. Ufundi aliupata katika chuo kidogo cha ushonaji, vyumba viwili na veranda, alikoingia akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza.

"Niliingia sijui hata kutunga uzi kwenye sindano," anasema. "Chuo kile ni mama yangu wa pili. Mama akiugua, utakaa ule ushibe?"

Ugonjwa wenyewe ni huu. Mwaka jana wanafunzi ishirini walifanya mtihani wa mwisho, wa kukata na kushona gauni zima. Walifaulu sita. Bodi ya chuo imesema matokeo yakirudi hivyo, darasa la ukataji litafungwa, chuo kibaki na kushona tu.

"Fundi asiyejua kukata atashonea watu wengine mpaka azeeke," anasema Mama Pindo. "Hafungui duka lake."

Siku ya mtihani ule alikuwepo, akisaidia kusimamia. Kila mwanafunzi aliwekewa mita tatu za kitambaa mezani. Msichana mmoja alisimama na mkasi wazi mkononi mpaka muda ukaisha, hajakata hata inchi.

"Si mjinga yule," anaeleza mwalimu wa ukataji. "Kola yake ukiiona utasema imetoka dukani. Ila hajawahi kugusa kitambaa kinachozidi urefu wa mkono wake."

Sababu ni wema. Kwa miaka mingi, waliosoma pale wamekuwa wakipeleka chuoni magunia ya mabaki ya vitambaa. Wamepeleka kwa moyo safi, Mama Pindo akiwa mmoja wao. Wanafunzi wakajifunza kola, mifuko na vifungo mpaka wakabobea. Gauni zima halikatwi kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja.

Tangu mtihani ule, mlo wake wa mchana husubiri; saa hiyo huzunguka kuwaomba vitambaa waliosoma pale. Leo anaingia kwa Mama Suti, aliyesoma naye, mwenye duka la vioo na mafundi wanane.

"Karibu, mwenzangu. Gunia lako lile pale, limejaa mpaka limekataa kufungwa."

"Ahsante, dada. Leo sikufuata gunia. Naomba kitambaa kizima."

Mama Suti anaweka pasi chini. "Bibi wee! Kila mwezi natoa. Si mnasema kutoa ni moyo? Moyo nimeshautoa, sasa unataka na maini?"

Mafundi wanaangua kicheko. Mama Pindo anaburuta gunia, analimwaga mezani.

"Basi nikatie gauni humu."

"La nani? La mdoli?"

"La mteja wako."

Mama Suti anapekua vipande. Anaokota kimoja, anakiacha. Anaokota kingine. Kicheko kinaisha chenyewe.

"Na wakikiharibu je?" anauliza.

"Watakiharibu, dada. Ndicho ninachoomba, kitambaa cha kuharibu. Wewe cha kwanza ulikifanyaje?"

Mama Suti anaziba mdomo kwa kiganja. "Mikono yote miwili niliikata ya kushoto! Mwalimu aliiangalia, akaingia ndani, akaniletea kitambaa kingine."

Mama Suti anakwenda kwenye rafu, anagusa jora moja, analipita, anashusha la kijani.

"Hili wateja wamelikataa. Limekaa kama mke mkubwa aliyesahauliwa."

"Wanafunzi hawachagui rangi."

"Na gunia?"

"Nalo nachukua. Kola watashonea nini?"

Si wote waliosoma pale walio hivyo. Mmoja hapokei simu yake tena. Mwingine alimwambia chuo kina wenyewe. Mtihani umebaki wiki tano, na vitambaa alivyokusanya vinamtosha kila mwanafunzi kukata gauni mara moja. Mama Pindo anataka wakate mara mbili kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo kesho ataomba tena.

Mwaka huu ukipita salama, ana mpango. Kila anayemaliza chuo, akipata mteja wake wa kwanza, apeleke mita tatu za kitambaa kizima, na mabaki yafuate baadaye.

"Mteja hataki kusikia kwamba unajifunza," anasema, akijitwika jora. "Wacha waharibu kwetu chuoni, penye mtu wa kuwaambia: haya, mwanangu, kata kingine."