Mjumbe Mwanakheri na Mbuzi Waliopotea

Mwanakheri binti Mrisho alikuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi tangu mwaka sabini na nne, tulipohamia kijiji kipya karibu na Rudewa. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwepesi wa kucheka, na mwenye tabia moja iliyowachosha watu wa haraka. Ukimpelekea shida alikukaribisha, akakusikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta ungo wa mchele na kuanza kuchambua. Mpaka ungo umalizike, hupati jibu.

"Nyumba ya mjumbe ikiungua," alisema Melkizedek, "atauliza kwanza ungo uko wapi."

Melkizedek alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge, na kwa kuwa Wanyamwezi ni watani wetu, aliruhusiwa kusema lolote.

"Ikiungua yako," alijibu Mwanakheri, "sitatafuta ungo. Nitaleta mahindi nichome."

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Alipokuwa mke mpya kule Mgudeni, makazi yetu ya zamani, nyoka aliingia ghalani. Mwanakheri, bila kumwita mtu, akawasha majani makavu ili moshi umtoe. Nyoka alitoka salama salimini. Ghala liliteketea na mahindi yote. Mumewe, Athumani, alirudi akaangalia majivu, akasema, "Mke wangu, yule nyoka hakuwa anakula mahindi." Mwanakheri alikisimulia kisa hicho mwenyewe, huku anacheka mpaka anafuta machozi. Lakini tangu siku hiyo hakufanya jambo lolote kubwa kabla mikono yake haijapata kazi ndogo.

Kiangazi cha kwanza katika kijiji kipya, mbuzi walianza kupotea. Kwanza wa Mzee Samweli, kisha wa Joha, kisha wa nyumba nyingine kadhaa. Hapakuonekana damu wala manyoya, kwa hiyo hakuwa chui. Basi macho yote yakageukia boma la Lemburis.

Lemburis alikuwa Mmasai aliyechunga ng'ombe pembezoni mwa kijiji, na wake zake walituletea maziwa kwenye vibuyu kila asubuhi. Tulikunywa maziwa yake bila wasiwasi wowote. Mbuzi walipopotea, watu wakaanza kukumbuka kwamba alikuwa mgeni.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, vijana walikata fimbo wakakusanyika. Walitaka kumfukuza siku ileile, yeye na familia yake na ng'ombe wake, wavuke mto wasirudi. Mwenyekiti wa kijiji, Donati, kijana mwenye bidii na sauti kubwa, aliwaongoza. Lakini boma lilikuwa chini ya mjumbe Mwanakheri, na Donati alikuwa mtu wa utaratibu. Wakapitia kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwenyekiti. Mbona na fimbo? Mnakwenda kuangusha maembe?"

"Tunakwenda kwa Lemburis. Tumekuja kukuarifu tu."

"Vizuri. Kaeni."

Akavuta ungo. Vijana wakaguna.

"Mama, jua linakwenda!" alisema Oswald, mwenye fimbo nene kuliko wote.

"Liache liende, linajua njia. Hebu niambie, Oswald, mbuzi waliopotea ni wa nani na nani?"

Oswald akawataja. Mwanakheri akatoa kokoto, akalitupa. Akauliza tena, polepole, kama anayeuliza habari za harusi: "Na wale wenzetu waliohamia hapa kutoka Magole, wao wamepoteza wangapi?"

Watu wakatazamana. Wale wa Magole hawakupoteza hata mmoja, na mbuzi wao walilala mstari uleule wa nyumba, mlango kwa mlango na wetu.

"Basi huyu mwizi ni wa ajabu," alisema Mwanakheri. "Kabla ya kuiba anamuuliza mbuzi kwao ni wapi."

Melkizedek akacheka peke yake. Vijana hawakucheka, ila fimbo ziliteremka kidogo. Mwanakheri aliendelea kuchambua, vidole vikienda na midomo ikichezacheza. Alipomaliza alijikung'uta kanga, akamwomba Mwenyekiti waongee pembeni, nyuma ya jiko. Maneno yao niliyapata baadaye kwa Domina, mke wa Donati, ambaye mumewe hakuwahi kumficha kitu.

"Donati mwanangu, leo umekula nini?"

"Mhogo, mama. Kwa nini?"

"Mtamu?"

"Mtamu sana. Domina alipewa na jirani."

"Na mhogo tuliopanda hapa umefika wapi?"

Donati akaonyesha urefu wa goti. Kisha mkono wake ukabaki palepale hewani.

Ni yeye Donati aliyetangaza marufuku. Hakuna kurudi kwenye mahame, makazi tuliyoyahama, kwa sababu yoyote. Atakayeonekana huko atalima shamba la kijiji wakati wenzake wamepumzika. Na sisi wa Mgudeni tulikuwa tumeacha mihogo yetu ardhini, imekomaa. Tulikuwa tunapita vichakani kuichimba, kila mtu na siri yake, tukirudi tumefunika vikapu kwa kuni.

"Mbuzi wamerudi kwao," alisema Mwanakheri. "Na watu wanaochimba mhogo wamewaona. Ila atakayesema amewaona atakuwa amejitaja. Kila mmoja anangoja mwenzake atangulie."

"Niwakamate wote?"

"Ukimaliza kukamata, nani atabaki akulimie? Wewe toa ruhusa. Sema watu waende Mgudeni kutafuta mbuzi. Usiulize kitu kingine."

Donati alisimama akikuna kidevu. Amri ilikuwa yake, na kuilegeza mbele ya watu hakukumpendeza. Lakini angemfukuza mtu na watoto wake, halafu mbuzi waje waonekane, angemtazamaje? Akarudi mbele akakohoa.

"Ndugu zangu, kuanzia sasa hivi, kwa shughuli ya kutafuta mbuzi tu, ni ruhusa kufika Mgudeni."

Alikuwa hajafunga mdomo. "Wako kwenye jiko la marehemu Binti Kibwana!" alisema Mzee Samweli.

Watu wote wakamgeukia.

"Umejuaje, mzee?" aliuliza Donati.

"Nimeota."

"Hata mimi nimeota," alidakia Joha. "Mlango nimeuzibia miiba, fisi wasiingie. Katika ndoto."

"Yule mweusi wa Oswald amezaa," alisema mwingine. "Mapacha. Nimeota juzi."

Oswald aliona haya, maana hata yeye alikuwa ameota.

"Jamani, jamani!" Melkizedek alishika mbavu. "Kijiji kizima ndoto moja! Na wote mmeamka na mhogo mkononi!"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka ng'ambo ya mashamba. Donati alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Vijana walizitupa fimbo, isipokuwa za kuswagia mbuzi, wakashika njia ya Mgudeni mchana kweupe, kwa mara ya kwanza bila kuinama.

Mwanakheri hakwenda nao. Alijifunga kanga akaenda bomani, na Donati akamfuata bila kuitwa. Walikuta Lemburis amekwisha kusikia habari za fimbo. Punda wake walikuwa wamefungwa mizigo: ngozi, vyungu, vibuyu. Wanawake walikuwa wanabomoa zizi la ndama.

Donati alimweleza yote na kumwomba radhi, kwa sauti ya chini ambayo hatukujua kama anayo. Lemburis alisikiliza akiegemea mkuki wake.

"Leo ni mbuzi," alisema. "Kesho kuku akipotea, nitafunga mizigo tena?"

"Kesho kitu kikipotea," alisema Donati, "nitakuja kwako peke yangu, mkono mtupu, tuulizane."

Lemburis alimtazama Mwanakheri. Mwanakheri hakumsihi wala hakumhakikishia kitu. Lemburis akazunguka punda wake, akamfikia mmoja, akafungua kamba. Mizigo ya huyo ikashuka chini.

"Na hao wengine?" aliuliza Donati.

"Hao wanangoja kuwaona mbuzi."

Wakaketi wote watatu kivulini mwa zizi lililobomolewa nusu, wakitazama njia itokayo Mgudeni, mpaka vumbi likaonekana na sauti za mbuzi zikaanza kusikika. Lemburis aliwatazama wakipita mmoja mmoja, pamoja na wale mapacha waliobebwa kifuani na Oswald. Kisha akainuka, akaenda kwa punda wa pili.