Mabelo ya Kujazia Ukuta

Injinia Neema alinituma asubuhi: "Katafute mabelo makavu ya kujazia kuta, yaliyobanwa sawasawa." Nilikuwa mgeni kwenye karakana yake ya kutengeneza kuta. Lakini mimi mtoto wa Kariakoo, belo utanifundisha nini? Belo ni robota la mitumba. Laiti ningeuliza.

Nikanunua ya makoti ya baridi, kwa akili zangu kwamba yatazuia joto. Njia nzima nilitembea nyuma ya mkokoteni nikijisifu.

Karakanani nikamkuta mteja wetu, Bi Mwajuma, amekuja kuona anajengewa nini. Injinia alikuwa akimweleza: "Kuta zetu ni nafuu kuliko tofali, mama. Ndani tunajaza mabelo ya mabua ya mpunga. Wakulima huwa wanayachoma moto tu."

Kabla sijafungua mdomo, fundi mmoja akakata kamba ya belo, makoti yakamwagika miguuni kwa Bi Mwajuma.

Akaokota moja, akaligeuza, kisha akaitazama alama kwenye gunia.

"Injinia," akasema taratibu, "mabelo haya yametoka dukani kwangu. Bei yake naijua. Huo unafuu uko wapi?"